Usukani Hautiwi Kiraka

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa mafundi wa jua kali, vijana na kamati za maendeleo katika ukumbi wa parokia, Eastlands, siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi.)



 Tunajua kwamba kwa fundi wa jua kali, siku ya kufunga kibanda ni siku ya kulala bila unga nyumbani. Kwa hiyo hatutawapotezea wakati.

Leo ni tarehe 1 Mei. Serikali inaiita Siku ya Wafanyakazi. Kanisa nalo, tangu mwaka 1955 wakati wa Papa Pius wa Kumi na Mbili, linaiadhimisha kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alikuwa fundi kama ninyi. Ukisoma Injili zote nne hutapata hata neno moja alilotamka. Alijulikana kwa kazi ya mikono yake, hata watu walipotaka kumtambulisha Yesu walimwita mwana wa seremala. Basi leo tumechagua kuzungumza juu ya kazi ya mikono, tena juu ya kitu kimoja tu: usukani wa trekta ndogo ukiharibika.

Mtauliza, sasa hawa watu wa ofisi ya ustawi wa jamii wanajua nini juu ya usukani? Swali ni zuri. Sisi tulisomea diploma ya kazi za jamii. Tulifundishwa kuendesha mikutano, kuandika ripoti na kutembelea familia zenye shida. Spana hatukufundishwa kushika. Haya tutakayoyasema tulifundishwa na mafundi wenyewe, tena baada ya sisi kukosea vibaya. Ndiyo maana tumeona ni haki tuyaseme hapa mbele ya watu wote.

KISA CHENYEWE

Wengi wenu mnakumbuka jinsi katika miaka ya 1990 uzoaji wa takataka ulivyozorota mitaani kwetu, vijana wakaanza kuzoa wenyewe nyumba kwa nyumba kwa magunia na mikokoteni. Kazi hiyo imelisha familia nyingi za Eastlands. Kikundi kimoja cha vijana tunachokihudumia kiliweka akiba kidogo kidogo, kikaongezewa mkopo, kikanunua trekta ndogo ya mtumba kutoka Japani na trela lake. Mnazijua hizo trekta. Ni fupi, ina nguvu za farasi zisizofika hata 25, inapita kwenye vichochoro ambavyo lori haliwezi kuingia, na mafuta inakunywa kidogo. Kwa vijana waliokuwa wakisukuma mkokoteni hadi jaa la Dandora, ilikuwa kama wamefunguliwa minyororo.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa mvua ya masika, gurudumu la mbele la kushoto lilitumbukia kwenye shimo la mtaro lisilo na kifuniko. Shimo lilikuwa limejaa maji na dereva hakuliona. Trekta ikatolewa kwa kamba. Ikaonekana mkono wa usukani wa upande ule, yaani kile chuma kinachoshika gurudumu na kuligeuza, umepinda.

Fundi aliyeitwa ni kijana wetu, mtoto wa hapa hapa. Alikifungua kile chuma, akakisafisha, akakitazama, akasema: "Hii imepasuka hapa kwa shingo. Hii siwezi kuchomelea. Tafuteni ingine."

Kamati ikakaa Alhamisi jioni. Sisi tulikuwapo kama washauri, na sisi ndio tulioandika kumbukumbu za kikao. Spea ilikuwa haijapatikana na ilibidi iagizwe. Jumamosi ilikuwa siku ya kuzoa takataka, na wenye nyumba walikuwa wamelipa ya mwezi. Mmoja akasema, "Chuma ni chuma bwana." Mwingine akasema, "Huyu anaogopa kazi." Na sisi tulisema nini? Tulisema, "Jaribu tu, itusukume mwezi huu, halafu tutanunua mpya." Yule kijana alikataa mara ya pili. Mara ya tatu aliambiwa kazi atapewa mwingine. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Akachomelea.

Kazi ilitoka safi. Aliipiga msasa, akapaka rangi nyeusi, ukitazama huwezi kujua kama iliwahi kupasuka. Tulimsifu. Gharama haikufika hata sehemu moja ya kumi ya bei ya spea mpya, na kwenye ripoti tuliandika kwamba tumeokoa pesa za kikundi.

Chuma kile kilidumu siku 19. Jumamosi moja asubuhi, trekta ikiteremka na trela lililojaa, mkono ukakatika. Mkono wa kushoto ndio unaopokea nguvu kutoka kwa dereva na kuipeleka hadi gurudumu la kulia. Ukikatika huo, usukani unazunguka bure kama wa gari la mtoto. Dereva akakanyaga breki. Sasa trekta, kama mnavyojua, ina breki mbili, moja ya gurudumu la nyuma la kushoto na moja la kulia, ili shambani mtu aweze kugeuka kwa breki. Barabarani zile pedali mbili lazima zifungwe pamoja kwa kile chuma chake. Hazikuwa zimefungwa. Mguu ukapata moja tu, ya kushoto. Trekta ikageuka kwa nguvu upande huo, trela lisilo na breki likaisukuma kwa nyuma, na vyote vikaangukia kibanda cha mama mboga.

Mama alikuwa amevuka barabara dakika ile ile kutafuta chenji ya mteja. Tunamshukuru Mungu. Sukuma, nyanya, meza, mwavuli, vyote vilizikwa chini ya takataka. Dereva alivunjika mfupa wa bega. Amepona, lakini mpaka leo hawezi kuinua pipa.

Tulipofika pale, watu walikuwa wanamtafuta fundi. Walitaka kumpiga. Na sisi, ndugu zangu, tulinyamaza. Tulinyamaza siku mbili nzima.

Kwenye kikao cha siku ya tatu padre aliuliza swali moja tu: "Kuna mtu yeyote aliyesema hapana?" Tukafungua kitabu cha kumbukumbu. Tulikuwa tumeandika hivi: "Kamati imeamua trekta itengenezwe haraka." Basi. Yule kijana alikuwa amekataa mara mbili, na hatukuandika hata mara moja.

KWA NINI CHUMA KILE KILIKATIKA

Baadaye tulikwenda kwa mafundi wazee wa Kariobangi Light Industries, wale wenye mashine za kukereza chuma, tukawaonyesha vipande viwili. Mzee mmoja alikitazama akasema, "Welding yenyewe haikuachia. Angalieni." Kweli, mshono ulikuwa mzima. Chuma kilikatika kando ya mshono, upana wa kidole.

Akatueleza hivi. Mkono wa usukani si chuma cha dirisha. Kiwandani hufuliwa kikiwa chekundu, kisha hupashwa moto na kupozwa kwa kipimo ili kiwe kigumu na wakati huo huo kiweze kustahimili kishindo. Ukikichomelea kibandani, pale penye mshono unayeyusha chuma kabisa. Chuma baridi kilichobaki kinaunyonya ule moto kwa haraka, na sehemu iliyo kando ya mshono inakuwa ngumu lakini dhaifu kwa kishindo, kama kioo. Mbele kidogo ya hapo chuma kimelegezwa na joto. Kwa hiyo katika urefu wa kidole una chuma cha aina tatu. Kila shimo la barabara linakipinda kidogo, kidogo, maelfu ya mara, mpaka ufa mpya unaanza pale palipo dhaifu. Rangi nyeusi inauficha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya nyumba. Kwa usukani, ufa hauzibwi. Chuma chenye ufa kinatupwa, tena kinakatwa vipande viwili kwanza ili mtu asikiokote akakirudisha barabarani.

Na kupinda je, kama hakuna ufa? Wazee walituambia jambo lile lile. Ukikinyoosha kwa nyundo kikiwa baridi, unaweza kuanzisha ufa usiouona. Ukikinyoosha kwa moto, umeharibu ule ugumu wa kiwandani. Mkono uliopinda, na tairodi iliyopinda, hubadilishwa.

JINSI YA KUKAGUA

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Haya yanaweza kufanywa na kikundi chochote kila mwezi, na lazima yafanywe kila mara trekta inapogonga kitu au kutumbukia shimoni.

Kwanza, usalama. Simamisha trekta mahali tambarare, zima injini, funga breki ya mkono, weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Ekseli ya mbele ya trekta inacheza juu na chini kwa pini ya katikati. Ukiinua kwa jeki bila kuikaza kwa kabari za mbao pande zote mbili, trekta inaweza kukulalia. Na mtu asiingie chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara.

Pili, kabla ya kuinua, pima ulegevu wa usukani. Magurudumu yakiwa yamenyooka, zungusha usukani polepole kushoto na kulia, uone unakwenda umbali gani kabla gurudumu halijaanza kusogea. Kitabu cha trekta kinasema kipimo chake. Kwa nyingi za aina hii ni sentimita 2 hadi 5 ukipimia kwenye mzingo wa usukani. Ikizidi hapo, kuna mahali pameisha.

Tatu, tafuta mahali hapo. Mmoja akae kwenye kiti atikise usukani, mwingine aweke kiganja juu ya kila kiungo kimoja kimoja: mkono wa boksi la usukani, fimbo ndefu, mikono ya magurudumu, na ncha za tairodi. Ndani ya kila kiungo kuna kifundo cha mviringo, kile mafundi wanakiita boljointi, kinachozunguka kama nyonga ya mtu. Kiungo kizima kinasogea pamoja. Kiungo kilichoisha utakisikia kinagonga ndani ya kiganja chako.

Nne, inua magurudumu ya mbele. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, tatizo liko kwenye beringi au kingipini na bushi zake. Kisha shika mbele na nyuma, ulitikise tena. Likicheza hivyo, tazama kwanza ncha za tairodi.

Tano, tafuta ufa. Njia hii ni ya zamani na inagharimu karibu bure. Safisha chuma kwa brashi ya waya mpaka grisi na rangi vitoke. Kiloweke kwenye mafuta ya taa, mbali na moto, kwa nusu saa. Kipanguse kikauke kabisa. Halafu kipake unga wa chaki nyeupe, ukigonge gonge polepole kwa nyundo ndogo. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka, na utaona mstari umelowa juu ya chaki. Usipouona mstari bado usiwe na uhakika wa asilimia mia. Lakini ukiuona, mazungumzo yameisha.

KAZI YA JUA KALI NA ISIYO YA JUA KALI

Tafadhali msituelewe vibaya. Hatukuja kusema jua kali haiwezi kitu. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliiandikia serikali ya Kenya kwamba hawa wafanyakazi wadogo wa mijini wanazalisha na wanafaa kusaidiwa, wasifukuzwe. Serikali yenyewe ilitoa waraka wake Namba 2 wa mwaka 1992 juu ya biashara ndogo ndogo na jua kali. Na lile jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo karibu kila mama hapa analo, lilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980 kwa mikono ya mafundi wa jua kali wa Nairobi. Kamukunji na Gikomba ni shule kubwa isiyo na cheti.

Tunachosema ni kwamba fundi bora anajua kazi yake inaishia wapi.

Kwenye usukani, jua kali inaweza mengi. Inaweza kukereza bushi mpya za kingipini kwa shaba ya beringi, zikiwa na mfereji wa grisi. Inaweza kutengeneza washa za kupunguza ulegevu wa juu na chini. Inaweza kufungua boksi la usukani, kubadilisha sili na beringi, na kurekebisha skrubu ya ulegevu kama kitabu kinavyosema. Inaweza kupima na kunyoosha magurudumu. Hayo yote ni kazi halali na yanalipwa vizuri.

Lakini haya yasifanywe. Mkono wa usukani usichomelewe. Tairodi iliyokatika isiunganishwe kwa kuvishwa bomba. Boljointi iliyoisha isishindiliwe kipande cha tyubu ndani ili isigonge. Hiyo ni kumziba mgonjwa mdomo asikohoe. Na kingipini isikerezwe kutoka kwa nondo yoyote iliyookotwa, manake nondo laini inaisha upesi na kuharibu hata bushi mpya.

Spea hizi zinatafutwa Kirinyaga Road, ile iliyokuwa ikiitwa Grogan Road, au kwa wanaoagiza trekta za mtumba. Nenda na ile ya zamani mkononi. Usikubali maneno "hii inaingia tu." Pima uzi wa nati. Pima pia ule upembe wa pini. Paka wino kidogo au masizi kwenye pini, iingize kwenye tundu la mkono, izungushe, uitoe. Alama ikionekana imegusana pande zote, imekaa. Ikigusa juu peke yake au chini peke yake, si yake, hata kama nati inakaza.

KUFUNGUA NA KUFUNGA

Kutoa ncha ya tairodi kunaharibu vitu vingi kwa sababu ya hasira. Usipige uzi wa pini kwa nyundo. Tumia chombo cha kuvuta, au legeza nati, kisha gonga jicho la mkono kutoka pande mbili kwa nyundo mbili kwa wakati mmoja. Pini itaruka yenyewe. Jicho likigongwa namna hiyo, likaguliwe kwa chaki kabla ya kutumika tena.

Kabla ya kuifungua ncha kutoka kwenye tairodi, weka alama na uhesabu mizunguko unapoitoa. Mpya irudi kwa mizunguko ile ile. Kumbuka upande mmoja unaweza kuwa na uzi wa kinyume, kwa hiyo usilazimishe. Hakikisha uzi wa kutosha umeingia ndani, halafu kaza nati ya kufungia.

Nati ya pini ina meno kama taji, na kuna tundu la kupitisha spliti pini. Tundu lisipolingana na meno, kaza mbele kidogo mpaka yalingane, usirudishe nyuma. Spliti pini iwe mpya kila mara. Msumari si spliti pini. Waya wa kufungia matofali si spliti pini. Tumeona yote mawili, na tunajua nanyi mmeyaona.

Mwishoni pima magurudumu kwa kamba, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, mbele halafu nyuma. Mbele pawe pembamba kidogo kuliko nyuma, kwa milimita chache kama kitabu kinavyosema. Tia grisi mpaka ya zamani itoke. Jaribu trekta polepole bila trela, kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, uone kama kuna kinachogusa. Na kabla ya kutoka barabarani, funga zile pedali mbili za breki pamoja.

Madereva nanyi mna sehemu yenu. Msizungushe usukani trekta ikiwa imesimama tuli na mzigo mzito mbele. Pitieni mashimo polepole. Na mkigonga kitu, semeni siku hiyo hiyo. Dereva anayeficha kugonga kwa kuogopa kukatwa mshahara anaficha ufa.

KULIPIA NENO "HAPANA"

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta hapa. Yote tuliyoyasema juu ya chaki na spliti pini, yule kijana alikuwa anajua ya kutosha. Aliuona ufa kwa macho yake. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni nafasi ya kukataa bila kulala njaa.

Ebu tufikiri. Fundi wa jua kali analipwa akitengeneza. Akikagua akakuambia "hii haifai, nunua mpya," unamwambia asante, unaondoka, na yeye hajapata hata nauli. Kesho unakwenda kwa mwingine ambaye atachomelea. Kwa hiyo sisi wateja tunamlipa anayekubali na kumnyima anayetuokoa. Halafu chuma kikikatika tunasema mafundi hawana dhamiri. Rahisi huvunja upishi, na safari hii sisi ndio tuliotaka rahisi.

Sheria nayo haimtazami fundi peke yake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuweka barabarani chombo kilicho katika hali ya kuhatarisha watu. Kwa hiyo kamati haiwezi kujificha nyuma ya mashine ya kuchomelea.

Hivi ndivyo kikundi chetu kinavyofanya tangu siku ile, na tunawaomba wengine mfikirie.

Moja, fundi analipwa ada ya ukaguzi kwanza, kabla ya kusema lolote. Akisema "inatengenezeka" analipwa. Akisema "haitengenezeki" analipwa ile ile.

Mbili, jibu lake linaandikwa kwenye kitabu cha trekta kwa maneno yake mwenyewe, na anatia sahihi. Akikataa, neno "hapana" linaandikwa.

Tatu, kamati ikiwa na shaka inaweza kumwita fundi wa pili. Haiwezi kumlazimisha wa kwanza, na haiwezi kuruhusu trekta itoke wakati majibu mawili hayajakubaliana.

Nne, kila safari ya jaa inaweka kiasi kidogo kwenye mfuko wa spea. Mfuko huo hauguswi kwa fulana, wala kwa karamu, wala kwa mgeni rasmi. Na mikokoteni hatukuiuza. Trekta ikisimama, inatoka.

Mtasema hayo yanaongeza gharama. Ni kweli. Lakini hesabuni na upande wa pili. Kikundi kilimlipa mama mboga bidhaa zake kwa muda wa miezi sita. Meza na kibanda chake vilijengwa upya na mafundi wenzake yule kijana, bure, kwa siku moja. Hospitali ya dereva ililipwa kwa harambee. Spea ambayo tulikwepa kuinunua, tuliinunua hata hivyo.

Yule kijana alikaa miezi mitano bila kushika mashine ya kuchomelea. Tulikwenda kwake nyumbani, tukamwomba msamaha mbele ya mke wake na mama yake, halafu tukamwomba tena mbele ya kamati, na safari hiyo tuliandika kwenye kumbukumbu. Amerudi kazini. Leo yuko humu ukumbini, na hatutamtaja kwa jina. Wiki iliyopita alikataa kazi ya mtu mmoja, na alilipwa kwa kukataa.

Ndugu zangu, neno hili usukani lilianza baharini kabla halijafika kwenye gari. Mtakatifu Yakobo katika waraka wake anatukumbusha jinsi meli kubwa inavyogeuzwa na usukani mdogo sana. Yeye alikuwa anazungumza juu ya ulimi. Na sisi tumejifunza kwamba siku ile trekta ingeokolewa na ulimi kabla ya chuma: ulimi wa kijana uliosema hapana, na ndimi zetu ambazo zingesema, "Tumekusikia, chukua ada yako."

Mafundi, semeni hapana mnapouona ufa. Wateja na kamati, ilipieni hapana hiyo. Baada ya chai tutakwenda nje, pale trekta ilipo, na kila mmoja atajaribu ule ukaguzi wa chaki kwa mkono wake. Akina mama nanyi mje, manake trekta inapita mbele ya meza zenu.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.